Mgeni Asiyekula

"Viti vyangu sikuviazimisha kwa mizimu, Mama Divine!"

"Mizimu gani? Wewe Herieth, punguza sauti. Watu wanapita."

"Wapite! Wasikie! Kile kiti cha bluu, cha karibu na mlango, sikitaki tena. Baki nacho."

Ilikuwa asubuhi, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Wanawake wawili walikuwa wanagombana, ua ukiwa katikati yao. Upande mmoja alisimama Epifania, mama yake Divine, na ufagio mkononi. Upande wa pili alisimama jirani yake, Herieth, mhazini wa kamati ya harusi. Mtaa mzima unamwita Herieth "Redio", na jina hilo halimuudhi.

"Kiti chako kimekosa nini?" Epifania aliuliza.

"Anakikalia yule bibi yenu. Akiondoka, kiti kinakuwa baridi. Baridi kabisa! Kama hakikukaliwa na mtu. Jana nilikigusa kwa mkono wangu huu."

"Kwanza si bibi yetu. Ni wa kwao Castory."

"Castory amesema ni wa kwenu."

Epifania aliacha kufagia.

Divine, binti yake, alikuwa anaolewa na Castory, kijana wa Mabamba, kule Kibondo, mpakani. Mahari ilikuwa imekwisha kulipwa. Iliyobaki ni harusi. Kamati ilikaa kila Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa Ndayiragije, baba yake Divine. Nyumba ile inapenda watu. Ukipita na njaa, umejitakia mwenyewe.

Kamati ilipoanza kukaa, yule bibi naye akaanza kuja. Aliingia pamoja na watu, akakaa karibu na mlango. Alijifunga kitenge ambacho zamani kilikuwa cha njano. Sasa kilikuwa na rangi ya vumbi. Hakuongea. Chakula kikiletwa, alipokea sahani, akaisogeza puani, akanusa. Kisha akairudisha.

"Bado," alisema. Hilo tu.

Na hakuna aliyemuuliza jina. Nyumbani kwa Ndayiragije kuna desturi. Baba yake alikuja nayo kutoka Burundi, na yeye hajaiacha. Mgeni haulizwi jina wala anakotoka kabla hajala. Ukimuuliza mtu mwenye njaa, ni kama unampima kama anastahili chakula chako.

Sasa mgeni asiyekula utamuuliza lini?

Basi upande wa bibi harusi ulidhani ni mgeni wa Mabamba. Upande wa bwana harusi ulidhani ni mgeni wa Kasulu.

Herieth alisogea karibu na ua. Safari hii alinong'ona.

"Na ile sauti je? Tangu bibi yule aje, nyumba yako inalia."

"Ni upepo."

"Upepo tunao miaka yote. Mbona zamani nyumba haikulia?"

Epifania alianza tena kufagia. Sauti ile aliijua. Upepo ukipanda kutoka bondeni, nyumba ilianza: uuuu. Ilikuwa kama mtu anaita kutoka mbali, mdomo umefungwa. Mwanzoni sauti ilikuwa nyembamba. Kila wiki ilizidi kuwa nzito.

*

Jumapili iliyofuata kamati ilikaa tena. Philemon, baba mdogo wa Castory, alikuwa mwenyekiti. Yeye hahitaji kipaza sauti. Akikohoa Mabamba, Burundi wanaitikia.

"Ukumbi?" aliuliza.

"Tukodi!" watu walijibu.

"MC?"

"Atoke Kigoma mjini!"

"Keki?"

"Ya ghorofa!"

"Sare?"

Wanawake walipiga vigelegele. Hata Herieth alisahau kiti chake.

"Wageni je?"

"Mia nne," alisema Ndayiragije.

"Ongeza na wa ng'ambo, mkwe. Ndugu zetu wakisikia, watavuka."

"Wangapi?"

"Ndugu hawahesabiwi!"

Watu walicheka. Bajeti ikafika milioni nane.

"Mhazini, tuna nini mkononi?"

Herieth alisafisha koo. "Taslimu tuna laki tisa. Zilizobaki ni ahadi."

Kicheko kikapungua. Ndayiragije alisimama.

"Msiwe na hofu," alisema. "Nitauza shamba la bondeni. Mnunuzi anakuja Alhamisi."

Divine alikuwa anagawa maharage. Mkono wake ulisimama juu ya sahani. Shamba lile ndilo lililowalisha. Pale ndipo alipojifunza kushika jembe. Wadogo zake wawili walikuwa bado shuleni.

"Baba, shamba? Sasa mtalima wapi?"

"Nyamaza, mwanangu. Harusi ni siku moja katika maisha. Nisiaibike."

Ndipo nyumba ikalia. Uuuu.

Watu wote waligeuka. Walitazama nje, kule bondeni. Yule bibi hakutazama bondeni. Aligeuza shingo polepole, akautazama mlango wa stoo. Kisha akamtazama Divine, akanusa sahani yake, akamrudishia.

"Bado," alisema.

*

Jumatatu Mwamvua alipiga hodi. Yeye ni jirani wa upande wa pili, afisa maendeleo ya jamii, mwenyeji wa Tanga. Serikali ilimleta Kasulu. Baridi ya huku bado hajaizoea, lakini watu wake amewazoea.

"Mama Divine, mmefuga nini humu ndani? Kuku wangu wamekataa kuingia bandani."

Epifania alijaribu kucheka. Badala ya kicheko, machozi yakamtoka. Alimweleza kila kitu: bibi, kiti, sauti, shamba.

"Basi tukae tuisikilize," alisema Mwamvua. "Mie sauti ya kusimuliwa siiogopi."

Walikaa, Epifania, Divine na yeye. Upepo ukaja. Uuuu. Mwamvua alisimama, akaweka sikio ukutani, akaufuata ukuta taratibu mpaka kwenye mlango wa stoo.

"Huko ni stoo tu," Epifania alisema haraka. "Hakuna kitu."

Divine alifungua mlango. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya majivu. Kwenye kona, chini ya kidirisha kisicho na wavu, kulikuwa na mtungi mkubwa wa udongo. Uuuu. Sauti ilitoka mdomoni mwa mtungi. Epifania alimshika binti yake mkono kwa nguvu.

Mwamvua aliweka kiganja juu ya mdomo wa mtungi. Sauti ikakatika. Akaondoa kiganja. Sauti ikarudi.

"Ni upepo," alisema. "Unapita juu ya mdomo wa mtungi, kama mtoto anavyopuliza chupa. Mtungi huu ulikuwa na nini?"

"Mbegu ya maharage," Divine alijibu. "Tunaichanganya na majivu isiliwe na wadudu. Huwa tunauziba kwa majani ya mgomba."

"Na sasa una nini?"

Divine aliingiza mkono. Ukazama mpaka begani. Alipoutoa, kiganjani mlikuwa na majivu na punje chache.

Epifania alikaa chini, palepale sakafuni.

"Nilikuwa nachota kidogo tu," alisema. "Watu wakija kwenye kikao, siwezi kuwaacha na njaa. Leo bakuli, kesho bakuli. Hata kuziba niliacha, maana nitafungua tena. Nilidhani bado ipo."

"Ulipokuwa umejaa na kuzibwa, haukulia," alisema Mwamvua. "Kadiri ulivyozidi kuwa mtupu, sauti ilizidi kuwa nzito. Na mvua ya kupandia iko njiani."

Hakumcheka. Alikaa naye chini.

"Nikuulize, Mama Divine. Kwenye bajeti ya harusi, chakula cha vikao kimeandikwa wapi?"

"Hakijaandikwa. Hicho si cha harusi. Hicho ni cha wageni."

"Wageni hao wamefuata nini hapa?"

Epifania alifikiri. "Harusi."

"Basi ni gharama ya harusi. Kila kinachotoka humu ndani kwa ajili ya harusi ni gharama. Kiwe pesa, kiwe maharage, ziwe kuni. Usipokitaja, hukioni kinavyokwisha."

Ndayiragije alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

"Sasa tufanyeje, dada?" aliuliza. "Watu wameshatangaziwa ukumbi."

"Anza na visivyoguswa, Baba Divine. Shamba. Mbegu. Chakula mpaka mavuno. Mahitaji ya watoto shuleni. Hivyo viweke pembeni kabla hujalitaja neno harusi. Baada ya hapo, tazama pesa mliyoishika mkononi. Panga kwa hiyo."

"Na ahadi?"

"Ahadi ikija, karibu. Usiipangie mpaka uishike. Mtu alipoahidi alikuwa mzima. Kesho mtoto wake anaumwa, atakupa nini?"

"Kweli."

"Na mtenge kidogo cha dharura. Gari linaweza kuharibika njiani. Mvua inaweza kunyesha. Halafu kuna siku ya pili ya harusi. Divine na Castory wataamka. Watalala juu ya nini? Watapikia nini? Hiyo nayo ni bajeti."

Ndayiragije alivuta pumzi. "Watu watasema, dada."

"Watasema. Herieth atakuwa wa kwanza. Watasema wiki mbili, kisha watahamia kwenye harusi nyingine. Wewe utalima wapi mwaka kesho?"

Ndayiragije alitazama chini. Aibu ilikuwa bado inamshinda.

"Mnunuzi anakuja Alhamisi," alisema.

"Basi kamati ikae Jumatano. Wapigie simu watu wa Mabamba."

*

Jumatano ukungu ulishuka mapema. Saa tisa mchana hukuweza kuona nyumba ya jirani. Philemon na Castory walifika kwa basi, wamejikunyata kwa baridi. Siku hiyo hakukuwa na maharage. Kulikuwa na chai ya rangi na viazi alivyoleta Herieth. Yule bibi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha bluu. Hakuna aliyemwona akiingia.

Ndayiragije alimpa Mwamvua nafasi ya kusema.

"Tuanze na wageni," alisema Mwamvua. "Kila mgeni atajwe jina. Na anayemtaja amjibie. Atalala wapi, atakuja na nini."

"Mia nne wote?" Philemon alishangaa. "Tutakesha!"

"Taja, mzee wangu. Anza na wa ng'ambo."

Philemon alianza kwa kishindo. Alitaja shangazi. Akataja binamu zake wanne. Sauti ikapungua. Akajikuna kichwa.

"Wengine," alisema, "hata mimi mwenyewe siwajui."

Nyumba nzima ilicheka. Walitaja hivyo hivyo, mmoja mmoja. Walipomaliza, wageni walikuwa mia moja na ishirini. Hao ndio waliokuwa na majina.

"Na keki ya ghorofa?" Herieth aliuliza kwa huzuni.

Castory aliinua mkono. "Baba mdogo, wazazi wangu, nisameheni. Mimi na Divine tuna chumba Mabamba. Hakijaezekwa. Ningeomba bati kuliko keki."

"Mwoneni bwana harusi," Philemon alisema. "Anataka kula bati!" Lakini alimpiga mwanawe begani kwa upendo.

Ndipo Herieth akatazama kiti cha bluu.

"Na huyu?" aliuliza polepole. "Huyu nani amemtaja?"

Philemon alimgeukia Ndayiragije.

"Si wenu?" alisema Philemon.

"Si wenu?" alisema Ndayiragije.

Ukungu ulikuwa unaingia mlangoni taratibu, ukipita miguuni mwa yule bibi. Miguu yake ilikuwa peku na mikavu. Mtu mmoja alisogeza kiti chake nyuma. Mwingine akafuata.

Mwamvua hakulelewa na desturi ile. Alipiga goti.

"Shikamoo, bibi. Wewe ni mgeni wa nani?"

"Hajala!" Epifania alinong'ona, mkono mdomoni.

"Marahaba," bibi alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo na safi. "Mimi sina upande. Naitwa Akimana. Kwangu ni Kitanga."

Alishika pindo la kitenge chake, akalilaza vizuri juu ya goti.

"Hii ni sare," alisema. "Ilikuwa harusi ya binti yangu. Watu walipendeza sana. Waliimba mpaka kilima kikaitikia. Vikao vyote tuliwalisha mbegu. Siku yenyewe tukawalisha shamba. Asubuhi wageni wakaondoka. Maharusi nao wakaondoka kutafuta vibarua, maana pa kulima hapakuwepo. Sijui walipo. Mimi nikabaki na sare."

Akimana aliliachia pindo.

"Siku hizi nikisikia kuna kamati, naenda. Nanusa sahani. Nikisikia harufu ya majivu, najua watu wanakula mbegu. Mimi mbegu ya mtu sili tena."

"Bibi," alisema Divine, "kwa nini hukutuambia?"

"Hamkuniuliza."

Nje upepo ulipita. Stoo ikalia: uuuu. Akimana aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeitwa kwa jina. Alimtazama Ndayiragije.

"Mtungi wangu nao ulilia hivyo hivyo," alisema.

Kisha akasimama, akatoka. Divine alimkimbilia. Alifika barabarani. Aliita. Aliona ukungu tu, na barabara, na hakukuwa na mtu.

Ndani, Herieth aligusa kiti cha bluu. Watu walimtazama. Herieth, Redio ya mtaa, hakusema neno. Alitikisa kichwa tu.

Ndayiragije alitoa simu mfukoni. Alimpigia mnunuzi mbele ya watu wote.

"Ndugu yangu, kesho usije. Shamba haliuzwi. Hapana, hata ukiongeza. Haliuzwi."

*

Jioni ile kamati ilipanga upya. Ukumbi ukafutwa, harusi ingefanyika palepale uani. Sare ikafutwa; kila mtu angevaa nguo yake nzuri. MC hakutoka Kigoma. Alitoka kwenye kiti cha mwenyekiti, na hakuhitaji kipaza sauti.

Mwamvua aliwakumbusha kwamba mchango si lazima uwe pesa. Mmoja akaahidi mikungu ya ndizi, na safari hii aliileta kwanza, ndipo ikahesabiwa. Mwingine akaleta kuni. Herieth akatoa viti bure, cha bluu kikiwemo. Philemon alikuwa ameahidi kreti za soda. Akabadilisha. Alirudi kutoka Mabamba na gunia la maharage ya mbegu.

"Mbegu hii nikimwona mtu anaichemsha," alisema, "namrudisha Kasulu kwa miguu!"

"Tuko Kasulu, baba mdogo," Castory alimwambia.

"Basi namzungusha!"

Vikao vilipunguzwa. Kila aliyekuja alikuja ameshakula kwao.

Ahadi nyingi hazikulipwa, kama Mwamvua alivyosema. Safari hii hazikumuumiza mtu, kwa sababu hakuna aliyezipangia. Siku ya harusi watu walikula wakashiba. Kwaya iliimba. Mvua ilinyesha kidogo, na fedha ya dharura ikakodi turubai. Iliyobaki ilinunua godoro na bati za chumba cha Mabamba. Watu walisema, ndiyo. Walisema wiki mbili. Wiki ya tatu walikuwa kwenye harusi nyingine.

Herieth hakutulia. Sokoni alimkuta mama mmoja wa Kitanga anauza viazi, akamuuliza habari za Akimana.

"Akimana wa ile harusi kubwa?" mama yule alisema. "Nyumba yake ina nyasi mpaka mlangoni. Hatujamwona siku nyingi. Wengine wanasema alihama. Wengine wanasema vingine. Kwa nini unauliza?"

Herieth alinunua viazi ambavyo hakuvihitaji, akarudi nyumbani upesi.

*

Mvua zilikuja. Ndayiragije na mkewe walipanda maharage bondeni. Yakaota, yakatoa maua, yakakomaa. Siku ya mavuno Divine na Castory walikuja kutoka Mabamba kusaidia. Epifania alitenga mbegu kabla ya kupika hata punje moja. Akaichanganya na majivu, akajaza mtungi, akauziba kwa majani ya mgomba. Upepo ulipanda kutoka bondeni kama kawaida yake. Nyumba ilinyamaza.

Maharage mapya yalikuwa yanachemka jikoni. Mwamvua alikuwepo, na sweta lake. Ukungu ulikuwa umefika uani.

"Mama Divine!" Herieth aliita kutoka ng'ambo ya ua. Sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Mama Divine, mbele ya mlango wako kuna mtu."

Walitoka wote. Kwenye ukungu alisimama bibi mwenye kitenge cha rangi ya vumbi. Hakupiga hodi.

Divine aliingia jikoni, akapakua sahani, akaenda nayo mpaka pale aliposimama yule bibi. Mvuke wa maharage ulichanganyika na ukungu. Akimana aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza puani. Akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu.

"Hayana majivu," alisema.

"Hayana, bibi. Ni ya shamba la bondeni. Mbegu iko mtungini."

Safari hii Akimana hakuirudisha sahani.

Divine alimshika mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, lakini nao ulimshika, kwa nguvu. Ndani, Herieth alikuwa ameshakuja na kiti cha bluu, akakifuta kwa upande wa khanga yake na kukiweka katikati, karibu na moto.

Ndayiragije alisogea kando ya mlango.

"Usile ukiwa nje, mama," alisema. "Ingia ndani. Tulikuwa tunakusubiri. Ingia, tule."